Kidonge Kilichokatwa kwa Wembe

Ninyi mnaobaki pale zahanati mmeniomba niandike, na mimi sikujua namna ya kukataa. Basi kwanza namshukuru Mungu aliyenipa macho ya kuyaona yote haya, kisha akanipunguzia, maana sasa nimeinama juu ya daftari kama mtu anayelinusa. Macho na goti la kulia ndivyo vilivyonistaafisha. Umri bado. Mtu wa miaka arobaini na kitu kuitwa mstaafu, wanangu wananicheka. Vyeo sina vya kusema, nilianza mhudumu na nimemaliza mhudumu. Nitaandika yanavyonijia, na siku hizi yananijia polepole, kama maji yanavyopanda kwenye mikoko: unatazama tope, unageuka kidogo kumjibu mtu, ukirudisha macho tope halipo.

Siku ya kwanza nilikuja Kibiti na kanga mbili na ndoo ya kupigia deki. Zilikuwa siku za ruksa, biashara imefunguliwa kwa kila mtu. Maduka ya dawa yalikuwa yameanza kuota kando ya barabara kama uyoga, na ndani yake kapsuli za rangi mbili zinang'aa kwenye machupa. Mtu akiumwa tumbo, rangi mbili. Akiumwa mgongo, rangi mbili. Nilimjua mzee mmoja aliyezimeza kwa sababu alikuwa na huzuni, na akasema zimemsaidia.

Muuguzi wa zahanati alikuwa Bi Mwanahawa, mwanamke mrefu, mkavu wa maneno, aliyefunga kanga kiunoni juu ya sare yake nyeupe hata mkaguzi akija. Alinitazama nikipiga deki, akauliza, "Wewe, Mama Zuhura, unajua kusoma?"

"Nasoma Kurani. Na Kiswahili kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kile cha kwenye sabuni na chumvi."

"Basi kajifunze cha kwenye dawa. Hapa mtu hafi kwa kukosa sabuni."

Ndivyo nilivyoingia masomo ya jioni. Tulikuwa watu wazima tumebanana kwenye madawati ya watoto wa darasa la pili, magoti yanagusa videvu, Zuhura amelala mgongoni kwangu na mate yake yananitiririka shingoni. Mwalimu alikuwa akiandika ubaoni na mimi nasinzia, na ile chaki naiona inaruka kama kunguni weupe. Sijui nilijifunzaje. Siku moja nikaamka nikajikuta nasoma.

Chombo changu cha kwanza cha kazi, ukiacha ndoo, kilikuwa tochi. Bi Mwanahawa alinipa ya kwake ya zamani, ya bati, inayowaka ukiipiga kofi. Akaniambia, "Nywele mtu atazificha kwa mtandio. Mwili ataufunika kwa kanga. Mdomo hauna nguo. Tazama mdomo."

Nikatazama midomo. Miaka yote hiyo, nikifunga macho, siwaoni watu kwa nyuso, nawaona kwa midomo. Na ule ugonjwa ulipoanza kutuingilia, ukipita na barabara na kushuka mpaka Nyamisati na vijiji vya delta, mdomo ndio uliotuambia mapema. Weupe kama machicha ya nazi, juu ya ulimi na ndani ya mashavu. Ukifuta, chini panabaki pekundu, panauma. Ni fangasi. Kila mtu anaye kidogo, lakini kinga ya mwili humkalisha chini. Kinga ikiisha, anasimama.

Dawa tuliyokuwa nayo ni ile ya zambarau. Tuliwapaka watu, wakatoka nje midomo kama ya watoto waliovamia mzambarau. Ilisaidia mdomo na ikaharibu jina, maana barabara nzima ilijua. Baada ya muda wagonjwa wakawa hawaji, au wanakuja wamefunga ushungi mpaka puani, hata wanaume wengine wanakuja na taulo. Bi Mwanahawa akasema, "Tumetengeneza dawa inayopiga mbiu." Kuanzia hapo tukawa tunampaka mtu pale pale, anakaa chumba cha nyuma, anasukutua, ndipo anaondoka. Kitu kidogo tu. Vitu vikubwa hatukuwa navyo.

Kisha akaja yule bwana wa Mtawanya, mkulima wa korosho. Alikuwa na kichwa kinachomuuma wiki ya tatu. Ndugu zake walisema ana mashetani, wakampigia ngoma, na ngoma kwa mtu mwenye kichwa kile, Mungu awasamehe. Sisi tulimpa aspirini, Mungu atusamehe na sisi. Nilipomuona ameanza kuona vitu viwili viwili na shingo haikunjiki, nikapanda naye gari kwenda hospitali kubwa. Alikaa siku mbili. Njiani aliniambia neno moja tu: "Mama, nyinyi mko wangapi?" Nilikuwa peke yangu.

Alipofariki, bwana mmoja wa maabara pale hospitali akaniita. "Njoo utazame kilichomuua." Alikuwa amechukua tone la maji ya mgongo wa marehemu, akalichanganya na wino mweusi, akaliweka chini ya hadubini. Niliweka jicho. Wino ulikuwa giza tupu, na kwenye giza kuna miduara myeupe, mingi, kila mmoja na taji lake la mwanga, imetulia kama mbalamwezi nyingi zimepangwa mbinguni. Nikasema Subhanallah kabla sijakumbuka kwamba namtazama muuaji.

Akanieleza. Huyu naye fangasi, ndugu wa yule wa mdomoni, ila huyu anakaa kwenye vumbi na kinyesi cha ndege, tunamvuta puani sote. Mwenye kinga hamjui. Aliyeishiwa kinga anapandwa mpaka kwenye ubongo. Ipo dawa. Mtu akiwahi anapewa nyingi, na akipona anaendelea na kidonge kila siku, asikose, ili fangasi asirudi. Lakini dawa yenyewe wakati ule ilikuwa jina tu, kama Makka kwa asiye na nauli.

Hadi leo nikiona mwezi umevaa duara naweka mkono kichwani bila kujua.

Miaka ikapita. Bi Mwanahawa akarudi kwao kulea wajukuu, akaniachia tochi na kile chumba cha nyuma. Kisha ile dawa ikaja kweli, bila malipo kwa wagonjwa wetu, vidonge kwenye makopo meupe ya plastiki. Tuliiita dawa ya kichwa. Ile dawa kubwa ya kurudisha kinga tuliisikia redioni tu, kwamba inakuja, inakuja. Kazi yetu ikawa kuwashikilia watu wasianguke kabla haijafika.

Namna ya kueleza niliipata kwetu bondeni. Mpunga ukikaribia kuiva, mtu anapanda kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya nguzo, analinda ndege na nguruwe. Nikawaambia: kinga yako imesafiri, shamba halina mwenyewe. Kidonge hiki ni mtu wa dungu. Akishuka siku moja, shamba limeliwa. Watu walielewa mara moja. Nilijiona hodari.

Na kulikuwa na hotuba yangu nyingine. Vijijini mgonjwa alikuwa anatengwa, sahani yake mbali, kikombe chake kimefungwa uzi. Iliniuma moyo. Nikawa nasimama kwenye nyua za watu nasema: ugonjwa huu hauambukizi kwa wali. Kuleni naye sinia moja. Chenu kiwe kimoja. Mungu haangalii sahani. Nilisema vizuri, nasikia hata mimi mwenyewe nalia kidogo. Na pale Kiongoroni kwenye nyumba ya Mwajuma, walinisikia.

Mwajuma alikuwa mke mkubwa wa Omari mkata boriti. Alikuja kwetu na kichwa kile kile cha yule bwana wa Mtawanya, lakini safari hii nilijua, na dawa ilikuwepo. Hospitali wakamtibu, akapona, akarudi nyumbani na kopo lake. Nilikuwa naenda kwao kila mwezi kwa boti ya mashine kutoka Nyamisati. Tukiingia kwenye vijito asubuhi, ukungu umelala juu ya maji, mizizi ya mikoko imesimama pande zote kama watu waliochuchumaa wanasubiri kuitwa, hata sauti ya mashine inakuwa kama iko mbali, kama ya boti nyingine. Nilikuwa nasoma tasbihi. Mara nyingine nilikuwa sijui nimelala au niko macho.

Nikifika, nahesabu vidonge vya Mwajuma. Siku zote hesabu sawasawa, hakizidi, hakipungui. Hesabu iliyo sawa humpa mtu usingizi mzuri. Na mimi nililala.

Siku ile nilimkuta kwenye mkeka, kanga juu ya macho, mwanga unamuumiza. Nikamgusa shingo. Ngumu. Nikachukua kopo nikahesabu: sawasawa. Nikahesabu tena. Nahodha wa boti alikuwa ameshaniambia, "Mama Zuhura, maji yanapwa leo mapema, usikae kupiga soga." Maji yakishapwa, kijito kinabaki tope na hakuna boti inayotoka mpaka yajae tena, na kichwa kile hakisubiri.

"Mwajuma, umemeza kila siku?"

"Kila siku, dada. Wallahi."

Niliomba maji ya kumnywesha. Nikainuka kuchukua kikombe kwenye kichanja, na pembeni ya kikombe nikaona kisosi. Kwenye kisosi, wembe umefungwa kwa karatasi, na nusu ya kidonge. Kimekatwa vizuri, kama mwezi mchanga.

"Hiki cha nani?"

Sauti mlangoni ikasema, "Changu."

Alikuwa Siwema, mke mdogo. Huyu alikuwa na ulimi mkali kijiji kizima kinaujua. Nilimzoea akinipokea kwa maneno. Leo alisimama ameegemea nguzo.

"Chako kivipi? Siwema, dawa ya mtu!"

"Si ulisema mwenyewe? Ulisimama hapo hapo ulipo, mkono kiunoni, ukasema kuleni sinia moja, chenu kiwe kimoja, asiyegawana na mwenzie si Muislamu."

"Sikusema si Muislamu."

"Ulikaribia."

Kutoka chini ya kanga Mwajuma akasema taratibu, "Usimgombeze. Mimi ndiye niliyekata. Nilimuona ameacha pilipili. Siwema huyu, anayekula pilipili kama embe! Nikajua koo linamuuma. Nikasema nitakulaje mlinzi mzima peke yangu na mwenzangu hana?"

Nikaipiga tochi kofi. "Fungua mdomo." Siwema akakataa kwanza, kisha akafungua. Machicha ya nazi, mpaka kooni nisikoona mwisho.

"Tangu lini?"

"Tangu mfungo."

Miezi mitano. Miezi mitano kidonge kimoja kinalinda watu wawili, na nusu kwa kila mmoja si ulinzi. Na mimi nimekaa nahesabu makopo.

Nahodha akapiga kelele kutoka kijitoni, "Mama Zuhuraaa! Maji yanatuacha!"

Nikasema, "Mwajuma, tunaondoka sasa hivi hospitali. Na Siwema naye akapimwe, apewe kopo lake."

"Mimi siendi," akasema Siwema.

"Basi na mimi siendi," akasema Mwajuma. "Nikiondoka na kopo, huyu atakula nini?"

"Wewe nenda ukapone, usiniletee uzuri wako hapa!"

"Sitoki bila wewe."

"Mwajuma, utakufa!" Siwema alisema kwa sauti ya kukemea, lakini machozi yalikuwa yameshafika. Akanigeukia mimi. "Sikia, dada. Nyumba yenye mgonjwa mmoja, watu wanasema Mungu ameleta. Nyumba yenye wagonjwa wawili, watu wanauliza nani ameleta. Huyo amekaa hapo nje. Nikapimwe ili nani asitirike?"

Omari alikuwa kwenye kigogo nje ya mlango. Tulimsikia anakohoa, basi.

Nilitaka kutoa hotuba. Nilifungua mdomo, na hotuba zote nikaziona zimekaa pale kwenye kisosi. Nikakaa chini mchangani na sare yangu. Nikasema, "Siwema, aliyekosa ni mimi. Niliwafundisha kugawana, nikasahau kuwaambia kisichogawanywa. Nilikuja hapa mara tano, nikahesabu vidonge, sikuuliza nani mwingine anaumwa. Mwajuma alikupa nusu ya uhai wake kwa sababu mimi nilisema vizuri. Sasa nakuomba, usiniache nikayabebe haya mbele ya Mungu. Mlinzi mmoja hakai madungu mawili. Njoo nikupe wa kwako."

Upepo ulikuwa unapita kwenye makuti na nilisikia maji kijitoni yanavyonyonywa, polepole, kama mtu anakunywa uji wa moto. Sijui tulikaa muda gani. Kwenye kumbukumbu yangu ni mchana mzima. Nahodha anaapa ilikuwa chini ya dakika tano.

Omari akainuka. Hakumtazama yeyote. Akaingia ndani, akamchuchumalia Mwajuma, akampandisha mgongoni kama anavyobeba boriti, akasema, "Tunakwenda wote watatu. Watu waseme waliloliona." Akatoka naye, miguu inazama kwenye tope mpaka magotini.

Siwema akabaki mlangoni. Nikamngoja. Akafuta macho kwa kiganja.

"Ngojeni nibadili ushungi," akasema. "Siendi hospitali na huu wa jikoni."

Boti ilikwaruza tope mara mbili wakati wa kutoka. Nahodha alitukana mara mbili, mara ya pili akaomba radhi. Siwema alikaa ameshika kichwa cha Mwajuma mapajani, ushungi wake wa njano juu ya macho ya mwenzie kumkinga na jua.

Hospitali walimchoma Mwajuma sindano ya mgongo, maji yakatoka kwa nguvu. Yule bwana wa maabara aliniita tena kwenye wino. Nikakataa kutazama, niliwajua wale wenye taji. Mwajuma alilala wiki nyingi. Mimi nilisali kila nilipokumbuka na nilipika kila nilipoweza, maana mgonjwa wa hospitali bila chakula cha nyumbani ni nusu mgonjwa zaidi. Siku moja akaniuliza, "Dada, mbona mnakuja wawili wawili?" nikajua bado. Siku nyingine akauliza, "Siwema anakula pilipili?" nikajua anarudi. Jicho lake la kushoto halikurudi lote. Mengine yalirudi.

Siwema alipata kopo lake, limeandikwa jina lake. Omari naye alipimwa. Aliyokutwa nayo ni yake, siyaandiki.

Baada ya hapo nilibadili kazi yangu. Kuhesabu niliendelea, lakini hesabu ikiwa sawa ndipo naanza kuuliza. Namuuliza mtu: nyumbani nani mwingine kumeza kunamuuma? Nani ameacha pilipili? Kidonge hiki unakimeza mbele ya nani, naye anakitazamaje? Naomba maji ya kunywa ili nione kichanja. Vijana, msione haya kuomba maji. Na kichwa kisichosikia aspirini kwa mtu aliyekonda, msikirudishe nyumbani. Mdomo mweupe ni barua, isomeni siku hiyo hiyo. Hotuba ya sinia bado naitoa, ila mwisho naongeza: wali wa wote, kidonge cha mwenyewe.

Dawa kubwa ilifika hatimaye, na Mwajuma na Siwema walikuwepo kuipokea. Wapo wengi hawakuwepo. Yule wa Mtawanya hakuwepo. Walianza pamoja, wamekaa benchi moja, wanabishana nani alianza kuumwa. Kinga ya Mwajuma ikapanda haraka kama maji ya bamvua. Ya Siwema ikapanda kwa kusuasua, inasimama, inarudi nyuma, inasogea.

Ikafika siku tabibu akamwambia Mwajuma, "Mama, walinzi wako wamerudi. Dawa ya kichwa sasa acha. Endelea na hii kubwa peke yake."

Mwajuma akauliza, "Na mwenzangu?"

"Mwenzako bado. Labda miezi sita, labda zaidi."

"Basi na mimi nitamngoja. Nitaendelea nayo."

Tabibu akacheka. Mimi sikucheka, nilishawahi kukaa mchangani pale. Nikamshika mkono nje ya mlango. "Mwajuma, kopo lile liache. Hata kuacha nako hakugawanywi: wewe acha, yeye aendelee."

Alinitazama kwa jicho lake moja zuri. Akasema, "Sawa, dada. Nimesikia." Kwa namna aliyosema nikaingiwa na wasiwasi.

Safari iliyofuata nilifika Kiongoroni mapema, ukungu haujatoka, bila kupiga hodi. Dhambi ndogo. Walikuwa wamekaa kwenye mkeka uani, wanatazamana. Siwema alikuwa na kidonge kiganjani na kikombe cha maji. Mwajuma naye alikuwa na kikombe. Nikasimama nyuma ya ukuta wa makuti nikamtazama mkono wake mwingine. Ulikuwa wazi, mtupu, umelala gotini.

"Bismillah," akasema Mwajuma.

Siwema akaweka kidonge ulimini. Wakainua vikombe pamoja, wakanywa pamoja, mmoja dawa, mmoja maji matupu, wakavishusha. Mwajuma akafuta mdomo kwa pindo la kanga kama mtu aliyemeza kitu kichungu.

"Yako leo imekaaje?" akamuuliza Siwema.

"Inakwaruza. Yako?"

"Yangu baridi."

Nikarudi mpaka njiani, nikakohoa, nikapiga hodi kama mtu mwenye adabu.